Nyuso Nzito za Myuran Sukumaran

Januari 2017, katika mji wa Liverpool ulio kusini magharibi mwa Sydney, Australia, yalifunguliwa maonyesho ya picha ambayo mchoraji wake hakuwepo kuyaona. Zaidi ya picha mia moja zilitundikwa kwenye kuta za Casula Powerhouse, kituo cha sanaa kinachoendeshwa na halmashauri ya mji huo. Aliyezichora, Myuran Sukumaran, alikuwa amepigwa risasi na serikali ya Indonesia usiku wa kuamkia Aprili 29, 2015, katika kisiwa cha Nusa Kambangan. Alikuwa na umri wa miaka 34. Ufundi wa rangi aliujifunza gerezani, tayari akiwa mtu aliyehukumiwa kifo.

Maonyesho yaliitwa Another Day in Paradise, yaani siku nyingine tena peponi. Walioyaandaa ni Ben Quilty, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Australia, na Michael Dagostino, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo hicho. Yangeweza kufanyika katikati ya Sydney, karibu na bandari, kwenye majumba makubwa ya sanaa ambako watalii hupanga foleni. Kufanyika kwake Liverpool kulikuwa na maana kubwa, kwa sababu picha zile zilirudi kwa watu waliomlea mchoraji.

Jengo la Casula Powerhouse lilikuwa kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kando ya mto Georges, reli ikipita ubavuni mwake. Mitambo ilizimwa katika miaka ya 1970, jengo likabaki gofu, hadi lilipofunguliwa tena mwaka 1994 likiwa mahali pa wasanii. Vitongoji vya magharibi mwa Sydney, Liverpool ikiwa kimojawapo, ndiko wanakofikia wahamiaji wengi: Wairaki, Wavietnamu, Walebanoni, Wahindi, Wafiji, na siku hizi Waafrika pia. Ni watu wa zamu za usiku, wanaoendesha malori, wanaosafisha ofisi za wengine na kuuguza wazee wa wengine. Sydney ya ufukweni huwatazama kwa jicho lile lile ambalo Masaki huitazama Mbagala jijini Dar es Salaam, au Karen huitazama Kayole jijini Nairobi.

Sukumaran alikulia Auburn, kitongoji kingine cha upande huo huo. Alizaliwa London mwaka 1981, wazazi wake wakiwa Watamili wenye asili ya Sri Lanka, na familia ikahamia Australia akiwa bado mtoto. Alikuwa kifungua mimba, kaka wa wadogo wawili. Alisoma katika shule ya wavulana ya Homebush. Hakuna jambo la ajabu katika maisha hayo ya mwanzo, na pengine ndiyo maana Waaustralia wengi waliona ugumu kuyaelewa yaliyofuata.

Yaliyofuata hayapambiki. Aprili 17, 2005, siku aliyotimiza miaka 24, polisi wa Indonesia walimkamata hotelini Kuta, kisiwani Bali. Siku hiyo vijana wanne wa Kiaustralia walikuwa wamenaswa uwanja wa ndege wakiwa wamefungiwa vifurushi vya heroini mwilini. Jumla ilikuwa zaidi ya kilo 8. Waliokamatwa wote walikuwa tisa, na dunia ikawajua kwa jina la Tisa wa Bali. Mdogo wao alikuwa na miaka 18. Wanne kati yao, akiwemo Andrew Chan aliyekuja kufa pamoja na Sukumaran, walifahamiana kazini, katika kampuni ya kupika na kuhudumia chakula jijini Sydney. Baba wa kijana mmoja alihofia kwamba mwanawe anaelekea kubaya, akatafuta njia ya kuifikia polisi ya Australia ili azuiwe asisafiri. Polisi hiyo iliwapa wenzao wa Indonesia taarifa za kundi hilo, na vijana wakakamatiwa katika nchi yenye adhabu ya kifo.

Mahakama iliwaona Chan na Sukumaran kuwa waratibu wa safari ile, na Februari 2006 ikawahukumu kifo. Wabebaji walisimulia kwamba walitishwa, kwamba familia zao zingedhurika wasipobeba. Sukumaran alikuwa na hatia. Kwa lugha ya mitaani kwetu hakuwa papa wa unga, lakini aliwaburuta dagaa wenzake baharini. Mtu akisimama mbele ya picha zake na kusahau jambo hilo, amezitazama kwa macho ya huruma tupu, na picha zenyewe hazikuchorwa kwa ajili ya huruma ya aina hiyo.

Katika gereza la Kerobokan, huko Bali, miaka ya mwanzo aliipoteza kama wafungwa wengi wanavyoipoteza. Kisha akabadilika. Aliomba kibali, akaanzisha masomo kwa wafungwa wenzake: Kiingereza, kompyuta, usanifu wa michoro, na baadaye uchoraji. Karakana ndogo ya gereza ikawa mahali ambapo mtu anaingia hana ujuzi wowote, anatoka anaweza kuchapa fulana au kuchora sura ya mwanawe. Picha ziliuzwa, fedha zikasaidia karakana na matibabu ya wafungwa. Mkuu wa gereza hilo wa wakati huo alifika mahakamani kutoa ushahidi kwamba Sukumaran na Chan wasiuawe, kwa kuwa wanawafaa wengine gerezani. Ofisa wa magereza kusimama hadharani kumtetea mtu aliyehukumiwa kifo na serikali yake mwenyewe si jambo la kawaida katika nchi yoyote.

Mwaka 2012 Quilty akaanza kwenda kumfundisha. Quilty ni mchoraji anayepaka rangi kwa kisu, tabaka juu ya tabaka, hadi picha inakuwa na mabonde na vilima. Mwaka 2011 alishinda tuzo ya Archibald, tuzo kubwa ya picha za watu nchini Australia, na mwaka huo huo alikwenda Afghanistan akiwa mchoraji rasmi wa vita, akarudi na picha za askari waliovunjika ndani. Alimkuta mwanafunzi asiyechoka. Sukumaran alichora kila siku aliyoruhusiwa, na kwa masomo ya mbali akasomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Curtin cha Australia. Shahada yake shirikishi aliipata Februari 2015, miezi miwili kabla ya kuuawa.

Uchoraji huo una ukoo wake. Wazungu waliuita ekspreshonisimu, mkondo ambao rangi na mistari hufuata kinachochemka moyoni kuliko kinachoonekana machoni. Uso unaweza kuwa wa kijani na mkono ukawa mrefu kuliko kiasi, ilimradi mtazamaji ahisi alichohisi mchoraji. Wanaposimulia habari zake wengi huanza na Edvard Munch wa Norway, au na vijana wa Dresden walioanzisha kundi la Die Brücke mwaka 1905. Mimi napenda kuanza na mwanamke wa Berlin, Käthe Kollwitz. Mumewe alikuwa daktari wa wafanyakazi masikini, wagonjwa wakipanda ngazi hadi nyumbani kwao, na Kollwitz alichora walichokuja nacho: njaa, mimba zisizo na mlezi, mama aliyekumbatia maiti ya mtoto. Kati ya 1893 na 1897 alitengeneza mfululizo wa picha kuhusu wafumaji walioasi, na baada ya hapo ikawa vigumu kusema kwamba mkono wa kibarua haufai kuchorwa.

Sydney nayo iliupokea mkondo huo kupitia kibarua. Danila Vassilieff, Mkozaki kutoka Urusi aliyekimbia baada ya mapinduzi, alifika Australia mwaka 1923, akafanya kazi ya kujenga reli katika Jimbo la Kaskazini, na huko kwenye joto na vumbi ndiko alikoanza kuchora. Aliondoka akazunguka Brazil na Ulaya, akarudi Sydney mwaka 1935, akasimama na brashi yake katika mitaa ya Surry Hills na Woolloomooloo ambayo wakati huo ilikuwa mitaa ya makabwela. Alichora haraka, rangi zikirukaruka: watoto barabarani, nyumba zilizobanana, nguo kwenye kamba. Kisha akahamia Melbourne na kuwachora watoto wa Fitzroy, na vijana wachoraji wa huko, Arthur Boyd na Albert Tucker miongoni mwao, wakajifunza kwake kwamba mtaa wa masikini unatosha kuwa mada.

Kwa hiyo Sukumaran aliposhika kisu cha rangi ndani ya Kerobokan, aliendeleza kazi iliyokwisha kuanzwa. Alichora watu aliowajua. Kuna mama yake, kuna ndugu zake, kuna wafungwa wenzake, na kuna yeye mwenyewe mara nyingi mno, kwa kuwa mfungwa hana wa kumkalia achorwe kila siku, ila sura yake kwenye kioo. Kwa mbali uso unakuja mzima: mdomo, paji, macho yanayokutazama. Sogea, na uso unavunjika vipande vya buluu, waridi, kahawia na chungwa, kila kipande kikiwa na alama ya kisu. Hakuna ngozi laini. Ni sura za watu waliotengenezwa kwa nguvu, na nguvu hiyo unaiona.

Huo ndio uwezo wa rangi nzito ambao picha ya kamera ya polisi haina. Wote tumewaona watuhumiwa wa dawa za kulevya kwenye magazeti yetu: wamepangwa mstari, vichwa chini, mzigo mezani mbele yao. Picha ile imekwisha kuamua. Picha ya Sukumaran inamtaka mtazamaji achukue muda, kwa sababu mchoraji aliuchukua muda huo, naye muda ndio alioupungukiwa kuliko watu wote.

Machi 2015 Sukumaran na Chan walihamishwa kwenda Nusa Kambangan, kisiwa cha magereza kusini mwa Java. Rais Joko Widodo, aliyeingia madarakani Oktoba 2014, alikuwa ametangaza kwamba waliohukumiwa kifo kwa dawa za kulevya hatawasamehe hata mmoja. Januari walikuwa wamekwisha kuuawa sita. Sukumaran alikuwa amemchora rais huyo na nyuma ya picha akaandika kwamba watu wanaweza kubadilika. Sasa akapewa ruhusa ya kuchora kisiwani, na kazi za siku zile za mwisho ndizo zilizowanyamazisha wengi pale Casula. Rangi ziliingia giza. Katika picha moja amejichora na tundu jeusi mahali pa moyo. Katika nyingine bendera ya Indonesia, nyekundu na nyeupe, inachuruzika damu. Nyingine aliichora baada ya kupewa taarifa rasmi ya saa 72, akaipa jina la saa hizo zilizokwisha kuanza kuhesabiwa. Mawakili walizivusha bahari picha hizo rangi ikiwa bado mbichi. Mojawapo ni ya moyo wa binadamu, wenye saini za wote tisa waliokuwa wakingoja kuuawa pamoja kisiwani, ambao si wale Tisa wa Bali.

Hao tisa walikuwa akina nani? Swali hili halikuulizwa vya kutosha, kwa kuwa vyombo vya habari vya Australia viliwafuata Waaustralia wawili. Zainal Abidin, Mwindonesia pekee, alikuwa fundi wa kupaka vanishi samani huko Palembang. Rodrigo Gularte wa Brazil alikuwa mgonjwa wa akili, madaktari walikwisha kuthibitisha. Wanne walitoka Afrika Magharibi, mmoja wao, Okwudili Oyatanze, mtu aliyeishiwa katika biashara ya nguo na gerezani akawa mwimbaji wa nyimbo za injili. Wa tisa alikuwa Mary Jane Veloso kutoka Ufilipino, mama wa watoto wawili, mfanyakazi wa ndani aliyewahi kutumika Dubai. Mwaka 2010 aliahidiwa kazi ya ndani Malaysia, alipofika akaambiwa nafasi imejaa, akatumwa Yogyakarta na sanduku alilopewa. Ndani ya sanduku kulikuwa na heroini kilo 2.6. Saa chache kabla ya muda uliopangwa wa kuwaua, mwanamke aliyemtafutia Veloso kazi hiyo alijisalimisha polisi Ufilipino, na Veloso akabakizwa. Wanane waliosalia walifungwa kwenye nguzo. Mchungaji aliyekuwa karibu alisimulia kwamba walikataa kufunikwa macho na wakafa wakiimba.

Fundi samani, mfanyakazi wa ndani, mfanyabiashara aliyefilisika, mfanyakazi wa kampuni ya chakula. Orodha ya waliohukumiwa kufa kwa ajili ya dawa za kulevya ni orodha ya watu wa kazi ndogo ndogo waliotafuta njia ya mkato au waliosukumwa kwenye njia hiyo. Wenye mzigo hawakuwepo kwenye nguzo zile.

Sisi tunaijua orodha hiyo. Vijana wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa wameitwa punda kwa miaka mingi, wakimeza vidonge vya heroini na kupanda ndege. Mwaka 2013 padri wa Kikatoliki kutoka Australia, John Wotherspoon, aliyekuwa akiwatembelea wafungwa Hong Kong, alianza kusambaza barua za Watanzania waliofungwa huko. Waliwaandikia ndugu na marafiki nyumbani: msije, msidanganyike, tumeona mwisho wake. Barua zilisomwa Tanzania na zilizuia safari za wengine. Ni kazi ile ile iliyofanywa na karakana ya Kerobokan, mfungwa akimfaa mtu asiyemjua. Kama waandishi wa barua zile wangekuwa wameuawa, wangemwonya nani?

Najua jibu la mzazi ambaye mwanawe ameharibiwa na unga. Atasema, mchoraji huyu alikuwa tayari kuuza sumu kwa watoto wa wenzake, na hakuna picha itakayorudisha mishipa ya mwanangu. Mzazi huyo ana haki ya kusema hivyo, na mtu aliyewaona vijana wa maskani zetu wakiwa wamepinda kama misumari iliyogongwa vibaya hawezi kumbishia. Ninachokataa ni hesabu inayodai kwamba damu ya Sukumaran ililipa kitu. Heroini haikuacha kusafiri Aprili 29. Kerobokan ilimpoteza mwalimu, na waliobaki karakanani walikuwa wafungwa wa kawaida ambao siku moja wangetoka na kurudi mitaani, wakiwa na ujuzi au bila ujuzi.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na ushahidi huo uko hai. Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002 kwa mauaji ya mwenzi wake. Katika gereza la Luzira alirudi darasani, akafundisha wafungwa wenzake, akasoma sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha London. Alikuwa mbele ya kundi la wafungwa 417 waliofungua kesi dhidi ya serikali, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba jaji halazimiki kutoa adhabu ya kifo kwa kila muuaji, na kwamba anayekaa zaidi ya miaka 3 akingoja kitanzi adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Kigula alitoka gerezani mwaka 2016. Miaka kumi kabla ya uamuzi ule, Aprili 1999, Uganda ilikuwa imewanyonga watu 28 hapo hapo Luzira. Hatujui ni Kigula wangapi walikuwemo.

Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Francis Muruatetu, iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji. Tanzania haijanyonga tangu 1994. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ilisema katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba sheria ya Tanzania inayomfunga jaji mikono katika kesi za mauaji inakiuka haki ya kuishi, ikaagiza ibadilishwe.

Magereza yetu yana karakana tangu zamani. Useremala wa Ukonga na samani za magereza ya Kenya tumezinunua na kuzikalia. Kinachokosekana ni kuamini kwamba mtu aliyehukumiwa kifo naye anastahili benchi, kalamu au rangi, na kwamba anachokitengeneza kitufikie kikiwa na jina lake. Wasanii wetu wangeweza kufanya alichofanya Quilty. Sane Wadu wa Kenya, mwalimu wa zamani anayepaka rangi nzito zisizoomba radhi na aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wasanii wa Ngecha mwaka 1995, ameonyesha kwa miongo mingi kwamba uchoraji unafundishika kwa mtu wa kawaida kijijini. Toka kijijini hadi gerezani ni hatua moja.

Desemba 2024 Indonesia iliwarudisha Australia watano wa Tisa wa Bali waliokuwa bado gerezani, na siku chache baadaye ikamrudisha Mary Jane Veloso kwao Ufilipino. Serikali iliyosema haiwezi kurudi nyuma ilirudi, miaka tisa baadaye. Wabunge wetu wasingoje kuchelewa hivyo: agizo lililotolewa na Mahakama ya Afrika mwaka 2019 litekelezwe lote, na kitanzi kifutwe katika sheria, si kwa kosa la mauaji tu, bali kwa kila kosa.